Rediogramu ya Mizunguko Sitini

Nilifanya kazi ya masijala kwa miaka ishirini na minane katika ofisi za wilaya nchini Kenya. Baada ya kustaafu nilifanya mingine sita jijini Doha, nikitunza michoro na mikataba ya kampuni ya ujenzi iliyokuwa na ofisi West Bay, ghorofa ya kumi na tisa. Sitaji hayo kwa kujisifu. Nataka msomaji ajue mapema kwamba kosa ninalolieleza hapa halikufanywa na mtu asiyejua kuandika.

Mke wangu aliimba katika kwaya ya kanisa kabla hatujaoana. Kwaya hiyo ilipelekwa Nairobi kurekodi santuri, na nakala moja iliingia nyumbani kwetu pamoja na vyombo alivyokuja navyo. Alikuwa akisema kwamba wimbo wa pili, upande wa pili, ni yeye aliyeuongoza. Jalada la santuri lilisema vingine. Jina lililochapishwa pale lilikuwa la binti ya mwalimu wa kwaya. Maelezo ya mke wangu yalikuwa haya: majalada yalikuwa yamekwisha kuchapishwa, kisha yule binti akaamka na mafua siku ya kurekodi, na mwalimu akamsukuma yeye mbele ya maikrofoni. Baadaye hakuna aliyejishughulisha kurekebisha.

Nilimjibu kwa sentensi ileile kila mara. "Mama, kilichoandikwa ndicho hicho."

Hatukuwa na mashine ya kuchezea santuri. Tulipopata uwezo, watu walikuwa wamehamia kwenye kaseti. Ningeweza kuazima kwa jirani, au kumwomba mwenye duka la santuri mjini anichezee dakika tatu tu. Miaka thelathini ilipita bila mimi kufanya hivyo, kwa sababu sikuona haja ya kusikiliza jambo ambalo tayari lilikuwa limeandikwa.

Siku niliyofunga sanduku kuelekea Doha, aliipenyeza santuri ile katikati ya mashati yangu.

"Huko Uarabuni kuna mashine za kila aina," alisema. "Tafuta moja, usikilize, halafu unijibu."

"Nikuandikie barua rasmi?"

"Rasmi kabisa. Na muhuri uwepo."

Aliaga dunia katika mwaka wangu wa nne kule, kwa ugonjwa uliochukua siku kumi na moja. Wakati ule mfanyakazi hakuweza kutoka nchini bila ruhusa ya mwajiri, na meneja aliyepaswa kutia saini alikuwa likizo. Nilijaza fomu siku ileile ya msiba. Ruhusa ilitoka siku tisa baada ya maziko. Nakala ya fomu ninayo hadi leo, na saa ya kupokelewa imeandikwa pembeni kwa mkono wa katibu wake, asije mtu akasema nilichelewa mimi. Sikusafiri. Fomu ilikuwa na sehemu ya kueleza sababu ya safari, na sikuwa tena na sababu ya kuandika hapo.

Nilirudi kazini kesho yake. Nilikula, nililala, nilivuka barabara taa iliporuhusu. Watu wa kanisa walileta chai na mkate, wakaomba, nikawashukuru mmoja mmoja. Sikulia. Kila kitu mwaka ule kilinifikia polepole na kwa sauti iliyofifia, kama maneno ya mtu aliye ndani ya lifti iliyokwisha kufunga mlango. Santuri ilibaki kabatini chini ya mashati ya mikono mirefu.

Nilikuwa nikiishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tano. Jengo la jirani lilikuwa likihamwa ili livunjwe. Watu wanaoondoka Doha moja kwa moja huwagawia wanaobaki samani zao. Kinachokosa wa kukichukua huwekwa kando ya mapipa ya taka, na kikikutwa hapo asubuhi ni cha yeyote. Asubuhi moja mlinzi wa jengo letu, Mganda asiyekaukiwa maneno, alinipigia simu kabla sijatoka chumbani.

"Mzee wangu, hapa nje wametupa jeneza. Ya Muzungu, ndefu kabisa."

"Jeneza lina miguu?"

"Iko na miguu nne. Na nyuma iko na waya ya stima. Mimi sijaona maiti ya kuchomeka kwa stima."

Nilishuka. Ilikuwa rediogramu: kabati la mbao ya jozi, refu kuliko kitanda changu, lenye kifuniko cha kuteleza upande mmoja. Chini ya kifuniko kulikuwa na kinanda cha santuri, na pembeni yake redio yenye kioo cha namba. Spika zilikuwa kila upande, nyuma ya kitambaa cha rangi ya mchanga. Mtu alikuwa ameweka vikombe vya chai juu yake kwa miaka, duara juu ya duara. Mtu mwingine, au huyohuyo, alikuwa amebandua jina la kampuni mbele na kuacha matundu mawili ya misumari. Ninalaani tabia ya kubandua majina. Kitu kisicho na jina humsumbua kila anayekuja baada yako.

Sikufurahi. Nilijiambia tu kwamba niliagizwa jambo na chombo cha kulitekelezea kimefika. Nilitafuta wabebaji watatu, mlinzi akawa wa nne. Tuliiingiza kwenye lifti kwa kuisimamisha wima, na kati ya ghorofa ya tatu na ya nne lifti ikagoma.

Fundi wa lifti aliyeitwa alikuwa Mkenya wa makamo, mtu wa Kakamega, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua mlango kwa ufunguo wake, akachungulia, akautazama ule mzigo, kisha akanitazama mimi niliyebanwa nyuma yake.

"Shikamoo mzee. Lifti hii ni ya watu wanane. Huyu ni wa ngapi?"

"Marahaba. Huyu ni rediogramu."

"Ahaa. Baba yangu alikuwa anatamani moja kama hii mpaka akaingia kaburini. Ngoja kwanza niwatoe, halafu nataka kuona ndani yake."

Ndivyo nilivyompata. Ijumaa, ambayo kule ndiyo siku ya mapumziko, alikuwa akija baada ya ibada na mkoba wake wa vifaa, tukafanya kazi hadi jua linapoelekea kuzama. Hakutaka chochote isipokuwa chai ya maziwa, na ruhusa ya kunicheka.

Mimi nilianza na rejista. Nilinunua daftari la jalada gumu, nikaliwekea safu: tarehe, sehemu, hali, hatua. Jambo lililothibitishwa niliandika kwa wino, dhana kwa penseli. Nilipima umbali kati ya yale matundu mawili ya jina. Ndani ya kabati nilikuta namba iliyoandikwa kwa chaki ya bluu na muhuri wa mkaguzi. Nilipiga picha zote na kuziweka kwenye tovuti ya wapenzi wa redio za kale. Baada ya siku tatu mzee mmoja wa Marekani alinijibu kwa picha ya mashine iliyofanana na yangu hadi kwenye vishikizo. Ilitengenezwa kwao, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa ajili ya sebule za kwao. Hilo niliandika kwa wino. Kwamba ililetwa Doha na familia ya mtu wa mafuta, niliandika kwa penseli.

Nyuma kulikuwa na kibati kilichopigwa chapa. Nilikisugua kwa kitambaa chenye spiriti, nikanakili maneno yote kama yalivyo: volti 117, mizunguko 60, wati 180. Naomba msomaji akumbuke kwamba nilinakili yote matatu. Fundi aliponiuliza kibati kinasemaje, nilimsomea volti tu.

"Basi ukichomeka hapa moja kwa moja utachoma jengo," alisema. "Tafuta transfoma ya kushusha umeme. Bila hiyo usiiguse."

Nilinunua transfoma. Mizunguko sikuisoma kwa sauti kwa kuwa sikujua maana yake, na katika maisha yangu ya kazi sikuwa na mazoea ya kuuliza maana ya nilichokwisha kukinakili sawasawa.

Tulitoa vumbi laini la jangwani, na maganda ya mayai ya mende. Fundi alibadilisha kapasita zilizovimba, akalehemu upya nyaya zilizokauka. Vali za kioo, ambazo mafundi wa zamani waliziita taa, zilikuwa saba. Mbili zilikuwa zimekufa, zikaagizwa nyingine. Grisi ya kinanda ilikuwa imeganda kama nta, tukaiosha na kupaka mpya. Gurudumu dogo la mpira linalosukuma sahani inayobeba santuri lilikuwa gumu, nikalisugua kwa msasa hadi likashika. Mbao niliifanyia kazi mwenyewe kwa mafuta ya kitani, duara moja baada ya jingine, Ijumaa tano. Mikono ilijua la kufanya. Kichwani hakukuwa na kitu.

"Mzee, wewe huongei," fundi aliniambia siku moja. "Hata hii maiti ya mlinzi itaongea kabla yako."

"Ninafanya kazi."

"Haya. Ila mtu akifanya kazi na mimi Kakamega bila kuongea, mama yangu angesema amenikasirikia."

Katikati ya kazi hiyo binti yetu, ambaye ni muuguzi Nakuru, alipiga simu. Kanisa lilikuwa likijiandaa kwa yubile, na kamati ilikuwa ikitayarisha kijitabu cha historia. Kulikuwa na ukurasa wa kwaya na santuri yake. Shangazi zake walitaka jina la mama yake liandikwe kama kiongozi wa ule wimbo. Kamati ilisema jalada lina jina jingine, na kwamba bila ushahidi hawawezi kubadilisha.

"Baba, santuri unayo wewe," alisema. "Na Mama alikuwa akisema siku zote. Sikiliza, uwaandikie. Wewe wanakuamini. Wanataka kabla ya mwisho wa mwezi."

Nilimwambia nitasikiliza na nitaandika kile nitakachosikia, si zaidi.

"Hicho tu ndicho naomba," alisema.

Wiki hiyo kampuni ya fundi ilimpeleka Lusail, ambako minara ilikuwa ikipanda na lifti zikifungwa mfululizo, na hakupata Ijumaa. Kilichobaki kilikuwa sindano mpya na kurudisha ubao wa nyuma. Nilifanya mwenyewe. Alasiri moja nilichomeka transfoma, nikangoja vali zipate moto, nikatoa santuri kabatini. Niliweka upande wa pili, nikapeleka mkono wa kinanda kwenye wimbo wa pili.

Kwaya iliingia kwanza, nzito na ya kujivuta. Kisha akaingia kiongozi. Ilikuwa sauti nene ya mwanamke mtu mzima, ya chini, iliyotulia kama ya mtu aliyeshiba. Mke wangu alikuwa na sauti nyembamba iliyopanda juu bila kuombwa. Nilimsikia jikoni kwa miaka thelathini na isingewezekana nimkosee. Katikati ya ubeti wa pili kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayevuta hewa kwa shida. Niliandika katika safu ya hali kwamba santuri ina dosari hapo.

Nilisikiliza mara tatu. Sikuhisi huzuni wala ushindi. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono umeshika kalamu, na nakumbuka nikifikiri kwamba sasa suala limefungwa.

Jioni hiyo niliandika barua kwa kamati. Nilieleza aina ya mashine, hali ya santuri na idadi ya mara nilizosikiliza, nikahitimisha kwamba sauti ile si ya marehemu mke wangu na kwamba jina lililo kwenye jalada libaki. Nilitia saini, nikaipiga picha, nikaituma. Kisha nikampigia binti yetu.

"Si yeye," nilimwambia.

Nilisikia kitanda cha wagonjwa kikisukumwa mahali alipokuwa.

"Una hakika, Baba?"

"Nimesikiliza mara tatu."

"Sawa, Baba," alisema. Hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula.

Fundi alirejea baada ya wiki tatu, ameungua jua shingoni. Mlinzi alipanda naye, maana alikuwa ameahidiwa kwamba siku jeneza likiimba ataitwa. Nikawawekea wimbo uleule, kwa kuwa santuri niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja tu.

Mlinzi alisikiliza hadi kiitikio. "Hawa watu wamekula posho nyingi kabla ya kuimba," alisema. "Wamelala wakiwa wamesimama."

Fundi hakucheka. Aliinamisha sikio. "Wimbo huu naujua. Tuliuimba hata sisi. Si mwendo wake." Akapiga kidole kwenye meza kwa mwendo alioukumbuka, na kidole kikaitangulia kwaya. "Mzee, kile kibati cha nyuma. Niletee maneno yake yote."

Nilileta rejista. Aliisoma, akavua miwani.

"Mizunguko sitini."

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Mzee, na heshima zako zote, mbona hukuniambia?" Sauti yake ilipanda, kisha akairudisha. "Umeme wa kwao unabadilika mara sitini kwa sekunde. Wa hapa hamsini, kama wa kwetu nyumbani. Transfoma inashusha volti tu, mizunguko haigusi. Na mota hii inafuata mizunguko. Inakwenda polepole, na kila sauti inashuka chini. Lifti ikifungiwa mota isiyofaa tunaliona siku ya kwanza, watu wanapiga kelele. Lakini santuri, nani atapiga kelele?"

Alibandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, akatoa saa, akaniambia nihesabu. Katika dakika moja sahani ilipaswa kuzunguka mara thelathini na tatu na theluthi. Nilihesabu ishirini na saba, na ya ishirini na nane ikakatika kabla haijafika. Nilihesabu tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Mlinzi alinitazama usoni, akaweka kikombe chini. "Mzee, kaa," alisema, na hapo hakuwa akitania.

Fundi alipima mhimili wa mota kwa kifaa chake. Alichukua siku nne. Katika karakana yao alichonga kipete cha shaba cha kuvishwa juu ya mhimili, ili unenepe kwa kiasi kile kinachokosekana na kulisukuma gurudumu la mpira kwa kasi zaidi. Alikileta kimefungwa kwenye karatasi ya sigara. Alikivisha, tukahesabu: thelathini na tatu, na kidogo zaidi.

"Haya," alisema. "Mimi nasubiri nje kwenye ngazi."

Kwaya iliingia kwa wepesi nisioutarajia. Kisha akaingia mke wangu.

Ilikuwa ile sauti nyembamba, changa kuliko nilivyowahi kuijua, maana alirekodi kabla sijakutana naye. Katikati ya ubeti wa pili ule mkwaruzo ulirudi, sasa ukiwa mfupi. Ilikuwa pumzi. Alikuwa na mazoea ya kuvuta pumzi katikati ya neno, na kwa miaka thelathini nilikuwa nikimsahihisha jikoni: maliza neno kwanza. Katika wimbo ule pia hakumaliza neno kwanza. Nilikuwa nimeiandika pumzi yake katika safu ya hali kama dosari.

Wimbo uliisha, wa tatu ukaanza, sikunyanyua mkono wa kinanda. Fundi alipoingia alinikuta nimesimama mahali aliponiacha.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Nilimpigia binti yetu, nikaweka simu mbele ya spika. Alisikiliza hadi mwisho. Aliporudi kwenye simu alikuwa akilia, na mimi nilingoja amalize. Kisha akasema, "Baba, kijitabu kimeshapelekwa kwa mchapishaji. Waliweka na barua yako."

Niliandika siku hiyohiyo. Nilieleza volti, mizunguko, kipete cha shaba na hesabu zote mbili. Nilikiri kosa langu pasipo kupunguza neno. Jibu la kamati lilifika kwa wakati, lenye adabu: walishukuru kwa barua yangu, walisikitika kwamba kazi ya uchapishaji ilikwisha kuanza, na walinihakikishia kwamba maoni yangu yangezingatiwa katika toleo lijalo. Nilikasirika hadi masikio yakawasha. Toleo lijalo! Yubile nyingine ni baada ya miaka mingapi? Kisha nilisoma tena na nikaitambua kila sentensi. Barua za namna hiyo niliziandika mimi mwenyewe kwa miaka ishirini na minane, na sikumbuki hata siku moja niliyowaza aliyezipokea alikuwa amesimama wapi.

Katika masijala haturuhusiwi kufuta. Anayefuta anaficha. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, ili lililokuwepo liendelee kusomeka; la kweli huandikwa juu yake, na mwenye kusahihisha hutia saini na tarehe. Nilichukua rula. Kwenye jalada la santuri nilikata jina la binti ya mwalimu, nikaandika jina la mke wangu juu yake kwa herufi za wazi, nikatia saini. Katika rejista nilikata neno "dosari" na kuandika "pumzi."

Nilipoondoka Doha mkataba ulipokwisha, rediogramu ilibaki kwa fundi pamoja na rejista yake. Mimi nilirudi na santuri katikati ya mashati. Kijitabu cha yubile nilikikuta nyumbani, nakala mbili, kwenye meza ya binti yetu. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ukurasa wa thelathini na mmoja, na saini yangu ilitoka vizuri. Nilimwomba rula. Alinitazama nikikata mstari katika nakala ya kwanza na kuandika jina la mama yake, kisha akanisogezea ya pili.

"Na muhuri?" aliuliza.

Nilikuwa bado na muhuri wangu wa zamani wa tarehe, ambao nilipaswa kuurudisha nilipostaafu na sikuurudisha. Niliugonga mara moja katika kila nakala. Hilo nalo naliweka hapa kwenye kumbukumbu.